Idjwi: robine ya kulipa, ziwa ya bure

Juzi ku bandari hapa Bukavu nilisikia bamama babili ba Idjwi, ile kisiwa ya mu ziwa Kivu, banabishana. Mumoja anasema kwao komite ya maji inalipisha kila bidoni na ni vizuri, mwingine anasema huo ni wizi, Katiba yenyewe artikle 48 inatupatia haki ya maji ya kunywa. Yule wa kwanza akamujibu: basi Katiba ikuye kutengeneza tuyo! Nilicheka sana, lakini njia yote ya kurudi nyumbani niliwaza ile maneno, juu bote babili biko na haki.

Kule Idjwi maji mazuri inatokaka ku masource ya mulimani, inashuka yenyewe mu tuyo, haiombe moteri wala mazuti. Njo maana batu banazani haina gharama. Sasa udongo ikiteleza tuyo inapasuka, robine inachakaa, na kila kipande ya kununua lazima ivuke ziwa na boti toka Bukavu ama Goma. Komite yenye haina makuta, robine moja ikivunjika inaweza kukaa vile mwaka muzima, na wafadhili benye baliijenga balisha kwenda zamani.

Ila kisiwa iko na shida yake. Ukilipisha robine, mama mwenye hana franga hawezi kukaa na kiu, anashuka tu paka ku ziwa na bidoni yake, bure, hakuna mwenye kumuuliza. Na hii maji ya ziwa batu ba Goma banaijua: julai 1994 wakimbizi makumi ya maelfu balikufa kule, kolera kwanza, kisha kuhara damu. Kwa hiyo bei kidogo tu inamusukuma masikini ku maji ya hatari, akigonjwa uchafu wake inarudia ku ziwa ile ile, na jirani mwenye alilipa bidoni yake vizuri naye anashikwa, juu batoto bake banaogaka mule kila siku. Mimi ningesema ilipiwe, lakini kwa mwezi na kwa nyumba, wajane na bazee basamehewe. Mutu mwenye alisha lipa mwezi hana sababu ya kushuka ku ziwa.

Masomo ni kesi ingine. Tangu septemba 2019 primere ya serikali ni ya bure, direkta mwenye kufuata sheria hawezi kuomba bazazi makuta ya sabuni, wala ya robine. (Na sabuni ukiiacha inje bila mulinzi, saa sita haiko tena, tusidanganyane. Majivu inasaidia, hakuna mwenye kuiiba.) Mimi naona masomo itegemee mabati yake. Milimetre moja ya mvua ku metre carré moja inatoa litre moja, basi paa ya metre carré 200, mvua ya milimetre 10 tu, ni karibu litre 2000 mu siterni. Kiangazi kikubwa inaangukia juni paka agosti, na julai na agosti batoto biko mu vakanse. Kijiji haiwezi kuishi hivyo, masomo inaweza.

Yenye inanisumbua ni choo. Shimo ikijaa, mvua haiimalize, na kule ku mabonde direkta anachimba ingine pale penye nafasi, mara ingine juu kabisa ya source.