Umeme wa mito duniani: tupeni na hesabu ya kiangazi

Kila nikiona mtu kaandika kwamba mito yote ya dunia ingeweza kutoa umeme kiasi fulani kwa mwaka, naenda kwanza kuangalia hiyo namba kaipataje. Hesabu yenyewe wala sio ngumu, unachukua maji yanayopita kwa sekunde, unazidisha na kimo yanachoshuka, unazidisha na 9.81, umepata kilowati. Chukua maporomoko ya Inga kwenye Mto Kongo: maji yanapita kama mita za ujazo 41,000 kila sekunde na mto unashuka mita kama 96 ndani ya kilomita chache, ukipiga inakuja karibu megawati 38,600 kabla mitambo haijala chake. Afu angalia kilichofungwa pale mpaka leo, vituo vya umeme vya Inga 1 ya 1972 na Inga 2 ya 1982, zote mbili kwa pamoja hazifiki megawati 1,800. Inauma sana.

Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Delft kule Uholanzi waliipiga hesabu hii kwa dunia nzima kwa kutumia ramani za miinuko, wakapata kama terawati-saa 52,000 kwa mwaka (terawati-saa moja ni uniti bilioni moja za umeme) kwenye sehemu milioni 11.8. Umeme wa maji unaozalishwa kweli ni kama 4,300 tu. Ila ile 52,000 ni ya kinadharia, yani kila tone linahesabiwa, hata linalopita katikati ya kijiji cha watu au ndani ya hifadhi.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba hesabu hizi zinatumia wastani wa maji wa mwaka mzima. Mto Kongo wastani wake unaaminika kwa sababu matawi yake yako kaskazini na kusini mwa ikweta, mvua ikikata huku kule inanyesha. Sisi Tanzania hatuna bahati hiyo. Oktoba 2015 ukame ulibana, bwawa la Mtera maji yakashuka mno, mitambo ya maji nchini ikazimwa, na kwenye makaratasi tulikuwa na zaidi ya megawati 500 za maji!

Na hata mto usipokauka, sio maji yote ni ya kupitisha kwenye bomba. Mto Kihansi maji yake ni kidogo ukilinganisha na Rufiji lakini yanashuka zaidi ya mita 800, ndo maana kituo kile kinatoa megawati 180. Sasa pale chini ya maporomoko kulikuwa na chura mdogo wa njano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, anaishi kwenye ule ukungu wa maji tu na hakuna kwingine popote duniani. Maji yakachepushwa, ukungu ukapotea, ikabidi ufungwe mfumo wa mabomba ya kunyunyizia ili pale pabaki na unyevu, na bado mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, waliobaki walikuwa wanafugwa Marekani. Ramani ya miinuko chura huyo haimuoni.

Kwa hiyo jamani wataalamu wetu, mkitutajia megawati za mto tutajieni na mbili nyingine: za mwaka wa ukame, na zinazobaki baada ya kuuachia mto maji yake. Bwawa la Nyerere tunaambiwa 2,115 na ni kazi kubwa kweli naipongeza, ila nataka na ile ya mwezi wa kumi wa mwaka mbaya iandikwe pembeni yake, kwa maandishi makubwa yale yale, kabla hatujamwaga zege la bwawa lingine.