Birika la tatu hili, na kahawa bado sijanywa

Hivi jamani, kuchemsha maji tu kuna ugumu gani? Maji! Yafike digrii 100, birika lizime, nimiminie kahawa yangu, basi. Lakini wapi. Birika la umeme la kwanza lilikufa swichi, ukibonyeza inaruka juu kama umeitukana, nikawa nasimama pale nimeishikilia kwa kidole mpaka maji yachemke kama mlinzi wa zamu. La pili mfuniko ulikatika, na bila mfuniko mvuke haufiki vizuri kwenye swichi kwahiyo halizimi, linachemka tu linachemka mpaka ukuta unatoa jasho. Na ile harufu ya plastiki sasa! Unakunywa kahawa au unakunywa ndoo?

Hili la tatu wameandika stenlesi kwa herufi kubwaaa, nikafurahi, kuja kuangalia vizuri kumbe kile kidirisha cha kuonyesha maji ni plastiki imebandikwa na gundi, na hapo hapo ndo panavuja, tone, tone, tone, mpaka kwenye kitako chenye umeme. Nani alikaa chini akachora hiki kitu? Yeye hanywi kahawa?

(Na msiniletee habari za chokaa, ule ukoko mweupe wa maji unaoganda ndani ya birika, ndimu ya kuutoa naweka kila wiki.)

Nimechoka, narudi kwenye birika la kawaida la kuinjika jikoni. Halina swichi, halina taa ya bluu, halina cha kuharibika. Ila mkono wake unaunguza balaa. Nyie wenzangu mnachemshia nini?