Glasi ya Sh600, kodi ya Sh30

Jumamosi iliyopita nilikaa katika baa moja ya Westlands, mtaa wa wenye pesa jijini Nairobi, mahali pa viti virefu na ubao mweusi wenye majina ya bia saba yaliyoandikwa kwa chaki. Niliagiza IPA, aina moja ya bia, nusu lita, kileo asilimia 6. Kijana wa kaunta akasita. “Ushawahi kuionja, bosi? Ina uchungu.” Akanimiminia funda moja kwanza nijaribu. Rangi ya asali, povu lililogoma kushuka, harufu ya ganda la chungwa, halafu uchungu uliojikita nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Ilikuwa bia nzuri sana. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani naandika kwa kinyongo. Kisha risiti ikaja: Sh600.

Niliigeuza nikapiga hesabu nyuma yake. Hadi mwaka 2024 bia nchini Kenya ilitozwa ushuru wa bidhaa kwa lita, Sh142.44, iwe kali iwe nyepesi. Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba mwaka huo ikabadilisha mizani: sasa kinachotozwa ni kileo chenyewe, Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Humo humo kukawekwa mlango mdogo wa pembeni. Mtengenezaji mdogo anayejitegemea, mwenye leseni, hulipa Sh10 badala ya Sh22.50. Nusu lita yangu ilikuwa na sentilita tatu za kileo. Kama ni bia ya mtengenezaji aliyepita mlango huo, ushuru wake ni Sh30. VAT ndani ya bei ile ile inakaribia Sh83.

Sasa njoo kwetu Umoja, mtaa wa watu wa kipato cha kawaida. Tusker ya nusu lita, kileo asilimia 4.2, tunainunua baa kwa Sh250. Ina sentilita 2.1 za kileo, na ushuru wake ni Sh47.25. Maana yake ni kwamba bia nyepesi ya fundi wa bodaboda inalipa ushuru mkubwa kuliko bia kali ya mtu wa Westlands. Karibu moja ya tano ya bei ya huyu wa Umoja inaenda kwenye ushuru huo. Ya yule mwingine ni moja ya ishirini. Ukiitazama risiti hiyo peke yake, utasema serikali imewapa unafuu watu wasiouhitaji.

Nilisema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya rafiki yangu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha bia. Alicheka. “Wewe umehesabu kodi. Hujahesabu maji, stima na gunia la kimea.” Ana haki ya kusikilizwa.

Tuanze na soko lenyewe. Biashara ya bia hapa ilianza kama kampuni moja na imeendelea kukaa karibu na hali hiyo kwa miaka mia. Ndugu wawili wa familia ya Hurst walianzisha kiwanda cha Ruaraka mwaka 1922, na kreti za kwanza zikapelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu, na pembe ya ndovu huyo ikawa jina la bia: Tusker. Aliyejaribu kuingia kwa nguvu hakudumu. Castle ya Afrika Kusini ilifungua kiwanda Thika mwaka 1998, bei zikapigana, na kufikia 2002 kiwanda kilifungwa baada ya wakubwa hao wawili, wa Castle na wa Ruaraka, kugawana Kenya na Tanzania. Keroche ya Naivasha imeng'ang'ana tangu 1997, ikaingia kwenye bia na Summit mwaka 2008, na historia yake na watoza kodi ni ndefu kuliko orodha ya bia zake.

Kwa hiyo mtu anayepika bia ndani ya Nairobi, kwa mapipa machache ya chuma, na kuiuza hapo hapo kwa bomba, anafanya jambo ambalo soko hili lilikuwa halijalizoea. Brew Bistro ya Ngong Road ilionyesha kwamba inawezekana. 254 Brewing ikafuata mwaka 2017, Bateleur nayo ikaja. Wanywaji wa mjini wakagundua kwamba bia si laga tu, yaani ile ya aina ya Tusker. Kuna stauti nyeusi yenye ladha ya kahawa, kuna bia ya ngano yenye harufu ya ndizi mbivu, na hiyo ndizi haikutiwa na mtu, ni kazi ya hamira.

Na kupika kwenyewe Nairobi kuna shida ambazo mtu wa Munich hazijui. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa mpishi wa ugali hilo halina uzito. Kwa mpishi wa IPA lina uzito mkubwa, kwa sababu uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hutoka kwa kuchemshwa, na joto likipungua unatoka polepole. Ama achemshe muda mrefu zaidi, yaani gesi zaidi, ama aongeze hopsi. Na hopsi hazioti hapa. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi, ilhali mchana wetu ni wa saa 12 Januari hadi Desemba. Zinakuja kwa ndege au meli kutoka Ujerumani, Marekani, na sehemu chache za Afrika Kusini. Shayiri tunayo, kule Timau na Mau Narok, lakini kimea chake kinafuata mahitaji ya kiwanda kikubwa. Kile kilichokaangwa hadi kikawa cheusi kama makaa, cha kupikia stauti, huletwa kutoka Ulaya kwa magunia.

Halafu bia hizi kwa kawaida hazipashwi moto chupani ili kuua viini, kwa hiyo lazima zikae baridi kuanzia pipani hadi glasi ya mteja. Stima ikipotea Ijumaa usiku, mkubwa anawasha jenereta na kuendelea. Mdogo anasimama mbele ya friji akihesabu mapipa. Maji nayo ni yale yale ya Nairobi, leo yapo kesho ni boza. Faida pekee anayoipata bila jasho ni machicha ya nafaka. Wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wa upande wa Kikuyu huja na pikapu kuyabeba, na hata hapo mara nyingi anayatoa bure ili yasimwozee uani.

Nikirudi kwenye risiti yangu baada ya maelezo hayo, nakubali kwamba Sh600 si ulafi mtupu. Nakubali pia kwamba kiwango kimoja cha ushuru kwa anayepika pipa na anayepika bwawa si usawa. Nchi nyingi za Ulaya huwapunguzia wapishi wadogo ushuru kwa sababu hiyo. Lakini angalia ukubwa wa unafuu wenyewe. Bila mlango wa pembeni glasi yangu ingelipa Sh67.50. Unafuu ni Sh37.50 kwenye kitu cha Sh600. Haushushi bei hadi mtu wa Umoja aifikie, na haumfanyi mtu wa Westlands aache kunywa. Unaishia kwenye vitabu vya kiwanda. Wapo watakaosema hapo ndipo ulipokusudiwa kuishia, upanue mapipa na kuajiri vijana wawili watatu. Sawa, lakini basi ni ruzuku ya uwekezaji, na ruzuku huulizwa: umetuletea nini?

Swali hilo lilishawahi kuulizwa kwa bia nyingine. Senator Keg, bia ya bei nafuu inayouzwa kutoka pipani, iliingia sokoni mwaka 2004 ikiwa na msamaha wa ushuru, kwa hoja kwamba mnywaji maskini apate kitu salama badala ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Ukitaka msamaha, pikia nafaka zinazolimwa hapa, na maelfu ya wakulima wa mtama wakapata mnunuzi. Mwaka 2013 serikali ikakata msamaha huo hadi nusu, bei ya kikombe ikapanda na mauzo yakaporomoka. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko. Sitaki kusema jambo moja lilizaa jingine moja kwa moja, lakini mwaka 2015 msamaha ulirudishwa hadi asilimia 90, na waliourudisha walikuwa na sababu. Kegi ilipewa unafuu kwa masharti. Bia za krafti, yaani hizi za viwanda vidogo, zimepewa wa kwao kwa kuwa ndogo tu.

Na hapa ndipo neno “dogo” linaponikera.

Wiki moja kabla ya Westlands nilikuwa Kibera, kwa mama mmoja anayepika busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka. Uani kwake bati lilikuwa juu ya moto, na juu ya bati unga wa mahindi uliochachuka unageuzwa kwa mwiko hadi uwe kahawia. Pembeni, juu ya gunia, wimbi lililooteshwa lilikuwa limeanikwa, vijimizizi vyeupe bado vinaonekana. Hicho ndicho kimea chake, na alikigusa kwa kidole kama anavyofanya mtu yeyote anayeotesha nafaka duniani: kimekauka au bado? Wazee wanne walikuwa wamekaa na kopo lililojaa busaa, wakibishana kuhusu Gor Mahia. “Kaa, mwanangu, lakini kamera weka mfukoni,” akaniambia. Pombe yake haijapashwa moto, haijachujwa ikawa safi, haidumu siku nyingi, na inauzwa pale ilipopikwa. Kila sifa ambayo ubao wa chaki wa Westlands unajivunia, yeye anayo.

Tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, pombe ya kienyeji si haramu yenyewe kama ilivyokuwa. Kinachotakiwa ni leseni na viwango. Hata kifungu cha ushuru wa wapishi wadogo, pamoja na bia na saida (kileo cha tofaa), kinagusa bia nzito za nafaka zisizochujwa. Kwa maandishi, mama huyu na yule mwenye mapipa ya chuma ni jamii moja. Kwa vitendo, mmoja ana mhasibu na mwingine ana mtoto anayesimama njiani kuangalia kama askari wanakuja.

Wanaopinga kulegeza mambo wana hoja nzito pia, na sitaipita kwa haraka kwa sababu mimi ni mnywaji. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta Mkenya mmoja kati ya wanane, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia vileo. Februari 2024 watu walikufa Kirinyaga kwa kunywa sumu iliyoitwa pombe. Sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21 na uuzaji kupitia mtandaoni na supamaketi uzuiwe. Kwa mtu anayetazama hospitali, kutoza kileo chenyewe ndiyo busara, na kumpunguzia mtu anayepika bia ya asilimia 6 ni kulipasua paa ulilolijenga jana. Hoja hiyo inanishika zaidi kuliko malalamiko ya viwanda vikubwa kwamba mdogo amependelewa. Mkubwa mwenye Ruaraka hawezi kulia kwa sababu ya ubao wa chaki.

Ila sijaona mlevi wa IPA ya Sh600 akilala mtaroni. Bei yenyewe ni askari. Hatari iko kwenye chupa ndogo ya bei rahisi, na sheria ile ile ya Desemba 2024 ilizitoza pombe kali Sh10 kwa sentilita ya kileo, sawa kabisa na mpishi mdogo wa bia. Anayetaka kupigania afya aanzie hapo.

Mimi ningeuacha unafuu uendelee, kwa sharti kama la kegi: asilimia fulani ya nafaka iwe ya hapa, na leseni iwe na ngazi ambayo mpishi wa busaa anaweza kuipanda bila kuuza shamba. Nilimwambia rafiki yangu hivyo, na akatikisa kichwa. Alishajaribu wimbi. Halina maganda kama ya shayiri, akasema, kwa hiyo uji unakaza chini ya pipa na maji hayapiti. Walikaa usiku kucha wakikoroga kwa mwiko wa mbao. Isitoshe kimea cha wimbi alichopata sokoni hakikulingana, gunia moja limeota vizuri, jingine limeoza katikati.

“Nipatie mtu anayeotesha wimbi sawasawa kila wiki,” akasema, “nami nitalipa bei yake.”

Nilimpa namba ya mama wa Kibera, baada ya kumwomba mama ruhusa. Mama aliuliza jambo moja tu: kama huyo mtu wa mapipa atakuja na gari lenye maandishi ubavuni, kwa sababu majirani wataanza kuuliza.