Msiniambie Zach Hyman hana shuti wala pasi

Juzi tulikuwa tumekaa sebuleni kwa jamaa mmoja hapa Edmonton, Oilers, timu yetu ya hoki ya barafuni, wanacheza, sambusa ziko mezani, watoto wanakimbizana kwenye korido. Kaka mmoja ninayemheshimu, ambaye alianza kufuatilia hoki ya barafuni mimi bado nababaika na sheria za kuotea, akasema kwa utulivu kabisa kuhusu winga wetu Zach Hyman: "Hyman hana shuti, hana pasi. Ana bidii tu. Yule ni kibarua wa McDavid." McDavid ndiye nyota wa timu. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mazungumzo yakahamia kwa kipa. Nilimjibu pale pale, lakini kelele zilikuwa nyingi. Kwa hiyo, kaka, nakujibu tena hapa kwa nafasi, maana hoja hii siisikii kwako peke yako. Naisikia kazini, naisikia kwenye basi, naisikia kila Hyman akikaa mechi tatu bila bao.

Tuanze na shuti. Msimu wa 2023/24 Hyman alipachika mabao 54. Ligi nzima waliomzidi ni watu wawili tu, Auston Matthews mwenye 69 na Sam Reinhart mwenye 57. Kwenye mtoano akaongeza mengine 16, mpaka tukafika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Florida, ule tuliopoteza 2-1. Najua unachotaka kusema: msimu huo huo Connor McDavid alitoa asisti 100, kwa hiyo hata kiti kingefunga. Haya, tuwaangalie waliokalia hicho kiti kabla yake. Zack Kassian alicheza pembeni ya McDavid, na msimu wake mzuri kuliko yote ulimpa mabao 15. Jesse Puljujärvi, aliyechaguliwa wa nne katika drafti ya 2016, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, kijana mkubwa wa mwili na mwenye shuti la maana akiwa mbali, naye hakuwahi kuvuka 15. Ndiyo, msimu wake wa 15 ulikuwa mfupi kwa sababu ya korona. Hata ukimwongezea mechi zilizopungua, hafiki hata nusu ya 54.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Toronto wanalijua vizuri, sisi wa huku tunalisahau. Hyman aliwahi kucheza pembeni ya nyota akiwa Toronto, kabla hajaja kwetu. Msimu wa 2016/17 alikuwa winga wa Matthews, na Matthews akiwa mgeni kabisa wa ligi alifunga 40. Hyman alifunga 10. Mechi 82, mabao 10, nyota yuko pale pale ubavuni. Kama kusimama karibu na mtu mwenye kipaji kunatosha, mbona hayakuja? Yalikuja baadaye, kidogo kidogo: 21 msimu wa 2018/19, kisha goti likachanika kwenye mtoano dhidi ya Boston, akafanyiwa upasuaji, akarudi, akafunga tena 21 safari hii katika mechi 51 tu. Alipohamia Edmonton mwaka 2021 akapata 27, kisha 36, kisha 54, umri ukiwa miaka 31, wakati mafowadi wengi wameshaanza kuteremka. Nyota alikuwepo mwanzo na nyota alikuwepo mwisho. Kilichobadilika katikati ni mikono ya Hyman mwenyewe.

Sasa naomba tuangalie hiyo mikono inafanya nini, kwa sababu nadhani wengi tunatazama kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, na hatumtazami yeye. Wapinzani wamepungukiwa mtu mmoja kwa sababu ya adhabu. Evan Bouchard, beki wetu, yuko juu kwenye mstari wa bluu, mita 20 hivi kutoka golini, anainua gongo. Kombora lake linaweza kupita kilomita 150 kwa saa, maana yake kisahani kinafika golini chini ya nusu sekunde. Hyman amesimama mbele ya kipa, amemziba macho. Nyuma yake kuna beki wa kilo mia anayemsukuma kwa gongo sehemu ya kiunoni, juu kidogo ya pale suruali ya hoki inapoishia, ambapo hakuna kinga ya maana. Kwanza anatakiwa asiguse lile eneo la bluu la kipa kwa namna itakayofanya bao likataliwe. Pili anatakiwa aliinue gongo la beki kwa sekunde ile ile kisahani kinapokuja, si kabla, kwa sababu akiwahi beki analirudisha. Tatu, katika hiyo nusu sekunde, akiparaze kisahani kwa ncha ya gongo ili kibadili njia kwa kiasi kidogo tu. Kikibadilika sana kinatoka nje, kisipobadilika kipa anakidaka. Kaka, hilo ni shuti. Tofauti ni kwamba nguvu zimetoka kwa mtu mwingine, na shabaha ni yake.

Na ile nyingine, ya kisahani kilichotemwa na kipa. Watu wanasema "amekikuta tu pale". Kipa wa siku hizi akipiga magoti, pedi zake zenye upana wa sentimita 28 zinalala juu ya barafu na kufunga chini yote, nguzo hadi nguzo karibu. Hyman kisahani kinamkuta kiko miguuni pake, umbali wa mita moja, pengine pungufu. Katika hiyo mita moja anatakiwa akinyanyue kipite juu ya pedi, chini ya mwamba ulio mita 1.22 kutoka kwenye barafu, bila nafasi ya kuvuta gongo nyuma kwa sababu limebanwa na miguu ya watu watatu. Mara nyingi anafanya hivyo kwa upande wa nyuma wa gongo. Nilimpeleka mwanangu kwenye uwanja wa mtaani, nikaweka begi lake la vifaa mbele ya goli liwe kama pedi, nikamwambia nyanyua kutoka hapa. Kijana ana shuti zuri sana akiwa mbali. Pale karibu, kisahani kiliishia kwenye begi mara nyingi kuliko nilivyotegemea, na hakuna beki aliyekuwa anamgonga.

Tulioanza na soka tunapaswa kuwa wa mwisho kulidharau jambo hili. Meddie Kagere pale Simba alikuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, na mabao yake mengi aliyafunga akiwa amesimama pale ambapo beki alidhani hapana mtu. Msimbazi hakuna aliyeuliza kwa nini hapigi mashuti ya mita 30.

Wazee wa hapa Edmonton wanayakumbuka maneno haya haya akisemwa Jari Kurri, mfungaji wa Oilers wa enzi hizo, kwamba anabebwa na nyota wa timu, Wayne Gretzky, kama mtoto na baba yake. Gretzky akauzwa Los Angeles mwaka 1988, Kurri akabaki akamaliza msimu uliofuata na pointi 102, na mwaka 1990 akabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, bila yule baba aliyesemekana anamlisha.

Kwenye pasi nitakupa kidogo, kaka, ila kidogo kweli. Hyman hatoi zile pasi za kuruka juu ya gongo la beki na kutua laini upande wa pili. Akiwa mbio, wao wawili dhidi ya beki mmoja, mara nyingi unajua atapiga, na kipa naye anajua. Kukiingiza kisahani kwenye eneo la wapinzani kwa chenga si kazi yake. Nakubali yote hayo. Lakini msimu wa 2022/23 alitoa asisti 47. Nyingine ni asisti za pili, yaani pasi iliyotangulia pasi ya bao, sawa, hata hivyo mtu asiyejua pasi hafiki huko. Na ukitaka kuiona pasi yake usiangalie katikati ya uwanja, angalia kona. Kisahani kimetupwa ndani, Hyman na beki wanakikimbilia kwenye mbao zinazozunguka uwanja. Anafika wa kwanza, au wanafika pamoja, na anajua ndani ya sekunde moja atapigwa kikumbo cha kumbana kwenye kioo. Kabla hajakifikia ameshageuza kichwa mara moja kutazama begani. Hiyo ndiyo dalili. Akishatazama, hakishiki kisahani kabisa, anakigusa tu, kinateleza kwenye mbao kumfuata Leon Draisaitl, nyota wetu mwingine, au kinarudi nyuma ya goli kwa McDavid, yeye anapokea kikumbo, anainuka, na sekunde mbili baadaye yuko mbele ya kipa. Kwenye marudio ya bao watakuonyesha McDavid anavyowapiga chenga watu wawili. Picha inaanzia pale kisahani kilipomfikia. Aliyekipeleka hayumo kwenye picha, au anaonekana mgongo tu.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi popote kwenye karatasi ya takwimu. Msimu huo wa 2022/23 Oilers walifunga asilimia 32.4 ya nafasi zote walizopata pale wapinzani walipokuwa pungufu, rekodi ya ligi. Watu wakimtaja Draisaitl na lile shuti lake la pembeni kabisa, pembe ambayo hata mwamuzi haamini, wajiulize kwa nini anakuwa peke yake pale. Kuna beki mmoja ambaye hawezi kuondoka mbele ya goli kwa sababu Hyman yupo.

Nieleze sasa kwa nini jambo hili linanichoma kuliko inavyostahili mechi ya hoki. Mwanangu anacheza winga. Mwisho wa kila msimu kocha anawaandikia wazazi ripoti fupi ya mtoto. Ripoti zake zote zimesema jambo moja: anajituma sana, hachoki, mfano mzuri kwa wenzake. Nashukuru, ni maneno mema. Lakini mtoto mwingine wa timu hiyo hiyo ripoti yake inasema anaona uwanja, ana mikono laini, ana akili ya mchezo. Nimekaa jukwaani msimu mzima kwenye baridi ile mnayoijua, na nimeona kwa macho yangu pasi za mwanangu zikizaa mabao ya huyo mtoto mwingine. Akili ya mchezo ilikuwa kwa nani pale? Sisi tuliohamia nchi hii tunaijua sana sifa hii ya bidii. Kazini tunapewa, shuleni watoto wetu wanapewa. Ni sifa ya kweli, na mara nyingi inakuja mahali ambapo ilipaswa kuja sifa nyingine. Mtoto akiambiwa miaka yote kwamba chake ni jasho tu, siku moja ataacha kujaribu ile pasi ngumu, kwa sababu ameamini si yake. Kwa hiyo ninyi baba na mama mnaokaa na watoto wenu mkitazama Oilers, tafadhali msiseme "ana bidii tu" mbele yao. Waelekezeni wamtazame anavyogeuza kichwa kabla ya kufika kwenye mbao. Hilo linafundishika.

Bidii anayo, hilo halina ubishi, na goti lile lilivyopona linaeleza mengi. Lakini ligi imejaa watu wenye bidii waliofunga mabao saba.

Nakuja kwenye hoja yako ya mwisho, kaka, kwamba msimu wa 2024/25 alishuka hadi mabao 27 na hapo ukweli ukajulikana. Alishuka, sibishi, na kuna mechi za mwanzo wa msimu ule alikuwa anakosa vitu ambavyo mwaka uliotangulia asingekosa. Lakini McDavid naye msimu huo alikosa mechi 15, na Oilers wote hawakuwa wakali kama walivyokuwa. Na mabao 27 kwa winga wa miaka 32 mwenye mkataba wa dola milioni 5.5 kwa mwaka bado ni mabao ambayo timu nyingi zingeyapokea kwa mikono miwili. Kisha ukaja mtoano. Kwenye fainali ya upande wa Magharibi dhidi ya Dallas, mchezo wa nne, mkono ukateguka kwenye kifundo, akafanyiwa upasuaji, msimu ukaishia pale. Tukaingia fainali na Florida bila yeye na tukafungwa katika mechi sita. Sisemi tungeshinda angekuwepo. Nasema mlitazama mechi zile pamoja nami, mkamwona Bobrovsky, kipa wa Florida, akiyaona makombora ya Bouchard tangu yanapotoka kwenye gongo, hakuna aliyemziba, na visahani alivyovitema vikiondolewa na mabeki wa Florida kwa raha zao.

Mkataba wa Hyman unakwenda hadi 2028. Wewe na wenzako mnasema auzwe, nafasi ipatikane chini ya kikomo cha mishahara cha ligi, aletwe winga "mwenye mikono". Sawa. Nitajie jina moja la winga huyo, na uniambie kama yuko tayari kusimama mbele ya Bouchard akiwa amempa kipa mgongo, mechi 82 kwa msimu, akigongwa kiunoni, na bado afunge. Ukinitajia, tutaongea upya.