Sikugongwa na mkokoteni

Kwanza niko mzima. Mliotuma pesa za hospitali, tulieni, nitazirudisha. Yule jamaa yangu wa kinyozi aliyeandika kwenye grupu kwamba nimegongwa na mkokoteni na damu inachuruzika alisikia nduru tu, akachungulia mlangoni na mashine mkononi, mteja amenyolewa nusu, akaanza kuchangisha. Ukweli ni mbaya zaidi: baiskeli ilikuwa imesimama.

Mnajua wazimu wangu wa baiskeli. Nilishamwambia mke wangu kwamba Chris Froome alizaliwa hapahapa Nairobi, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara 4. Akaniuliza, "Na wakati huo Froome alikuwa analipa karo ya nani?" Mpaka leo natafuta jibu.

Basi jana wazee wa mtaa tulikuwa tunashindana Kangemi hadi Limuru na kurudi, na mama mkwe naye alikuwa anakuja. Ruhusa ilitoka kwa masharti: saa nne niwe nyumbani, nimeoga, nimevaa suruali. Ya suruali aliirudia mara mbili, maana kaptura yangu ya laikra, ile ya kubana, imezeeka, na kule nyuma kitambaa kimebaki jina. (Waendeshaji mnaelewa. Wengine msiulize.)

Mashindano niyapite haraka. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alipata pancha.

Nikishuka Uthiru, simu: "Leta maziwa, nyanya na dania." Jezi ina mifuko mitatu mgongoni, ya ndizi na tyubu. Nikapanga maziwa pakiti mbili katikati, nyanya kushoto, dania kulia imechomoza kama mkia wa jogoo.

Nafika getini saa nne na dakika nane, na nani anashuka kwenye bodaboda? Nikafunga breki nimsalimie kwa adabu.

Sasa, viatu vyangu vina kliti, kile kipande cha chini kinachong'ata pedali. Kujitoa unapindua kisigino nje, basi. Nimefanya hivyo mara elfu. Lakini ukimwona mama mkwe, kisigino nacho kinaona haya.

"Shika..." Nikiwa wima bado. Nikavuta mguu juu badala ya kuupindua. Pedali ikaja nao. "...moo..." Tumeanza kulala kushoto, mimi na baiskeli, polepole, kama mgomba uliochoka. Nikashika kioo cha bodaboda, kikabaki mkononi. "...mama." Hilo nilimalizia chini. Nyanya nilizisikia moja moja. Kisha maziwa: pwaa!

Kimya.

"Marahaba," akaitikia.

Mtoto wa jirani akaona wekundu mgongoni, akapiga nduru, "Damu!" Nami miguu bado imenaswa yote miwili, nimelala chali kama mende. Nikajigeuza kifudifudi nijinasue. Jamani. Laikra iliyochakaa, ikiloa maziwa, si nguo tena. Nami nilikuwa nimempa mama mkwe mgongo.

Hakusema kitu. Alifungua leso yake, akanifunika kiunoni huku macho ameyaelekeza kwenye nyaya za stima, akasema tu, "Pole, mwanangu." Nikavuka ploti nzima hivyo, kliti zikilia ko-ko-ko kwenye simiti, majirani wakisoma jina la leso lililonikaa sawasawa makalioni: SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA.

Mengine ni hayo tu. Kioo nimelipa, chai tulikunywa ya rangi, dania ilipona. Mke wangu hajaninunia, ila kila akinitazama anakimbilia jikoni, nasikia sufuria zikicheka naye.

Leso imefuliwa na kupigwa pasi. Nimeomba mtoto aipeleke kwa nyanya yake. Mama yake amekataa. Anasema nitaipeleka mwenyewe, Jumapili asubuhi, kwa matatu, na suruali ataikagua mlangoni.