Glovu zilezile wodi nzima, halafu tunamlaumu mwanafunzi

Juzi nilienda kumwangalia shangazi amelazwa, nikamuona mwanafunzi wa uuguzi, binti mwenye heshima zake kabisa, anapima presha kitanda hadi kitanda na glovu zilezile. Nikamvuta pembeni nikamuuliza, mwanangu, nyakati 5 za kusafisha mikono unazijua? Akazitaja zote bila kukwama: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka kanula (kale kamrija ka dripu kwenye mshipa), baada ya kugusa damu au majimaji, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Sasa mbona hivi? Akaniambia, "Mama, sista ndo anavyofanya."

Hapo ndo nilichemka, na sikumkasirikia yeye. Mimi nimefundisha hawa watoto, najua tunavyowafundisha. Darasa la vitendo lina sinki safi, sabuni ipo, mgonjwa ni mdoli, mwanafunzi anasugua sekunde 40 hadi 60 huku mwalimu anatiki karatasi, anapewa maksi zake, basi. Wiki inayofuata yuko wodini na huko mwalimu wake ni yule sista aliyemkuta, akimuona anaruka kunawa, naye anaruka, na kupima presha hakuhitaji glovu hata kidogo, kunahitaji mikono safi! Glovu inamkinga aliyeivaa, ila wa kitanda cha pili anapelekewa vijidudu vya wa kitanda cha kwanza.

WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kwenye nchi kama zetu, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, kama 15 wanapata angalau ambukizi moja hukohuko hospitali. Watu walikuja kutibiwa jamani.

Sawa, manesi ni wachache na kuna siku bomba halitoi hata tone, hilo nalikubali. Lakini fomula ya sanitaiza WHO walishaitoa, ni ethanoli, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa, famasia ya hospitali inaweza kuichanganya yenyewe, na ukiipaka mkononi ni sekunde 20 hadi 30 tu.

Na hili la kujifunza kwa wakubwa halijaanza leo. Vienna mwaka 1847 daktari mmoja, Semmelweis, aliona wanafunzi wa udaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda kuzalisha, kama walimu wao walivyokuwa wanafanya, akawalazimisha kunawa na maji ya klorini, vifo vya akina mama waliojifungua vikashuka sana na bado wakubwa wengi wakampinga.



Ninachotaka ni mtihani wa mikono ufanyike wodini, asubuhi ya raundi, vitanda vimejaa na simu zinaita, mwalimu awepo, na inchaji, yaani nesi mkuu wa wodi, aambiwe waziwazi kwamba naye anatazamwa. Halafu mwanafunzi aruhusiwe kusema, "Daktari, samahani, mikono," na asifokewe, na asikatwe maksi kwa kusema hivyo.