Sylvie Kinigi naye ni wa kwetu

Hapa Kasulu wanawake viongozi tunawajua. Tunamtaja Bibi Titi, tunamtaja Mama Getrude Mongella, katibu mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Wazee watakukumbusha Mwami Theresa Ntare aliyetawala Heru enzi za mkoloni. Lakini Sylvie Kinigi, jirani yetu wa hapo ng'ambo ya mpaka, mabinti wengi ninaokutana nao hawajapata hata kulisikia jina lake. Jambo hili linaniuma.

Bi. Kinigi alikuwa mchumi, mtu wa benki. Julai 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza Burundi, alimteua kuwa waziri mkuu. Hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti hicho kabla yake. Yeye ni Mtutsi, tena wa UPRONA, chama kilichokuwa kimetoka kuangushwa kwenye uchaguzi wa Juni, na mumewe alikuwa Mhutu. Ndadaye alitaka serikali ambayo kila upande ungejiona umo.

Oktoba 21 wanajeshi wakamuua Ndadaye. Spika wa bunge, Pontien Karibwami, ambaye kikatiba ndiye angeshika nafasi, wakamuua pia, na naibu wake vilevile. Mawaziri walionusurika walijihifadhi ubalozi wa Ufaransa, Kinigi akiwa miongoni mwao. Kuanzia Oktoba 27 hadi Februari 5, 1994, ndiye aliyekaimu urais.

Miezi hiyo sisi wa Kigoma hatuhitaji kusimuliwa. Mama mmoja ninayenunua kwake mawese alivuka wakati huo akiwa binti, mdogo wake mgongoni, sufuria kichwani. Alipofika upande huu watu walimwelewa kwa Kirundi chake, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Nilipomtajia Kinigi alikumbuka mara moja, akaacha kupima mafuta, tukaongea mpaka wateja wakaanza kulalamika.

Wapo wanaoniambia alikuwa kaimu tu. Sisemi alizima moto. Makumi ya maelfu ya watu, Wahutu kwa Watutsi, waliuawa, na jeshi halikuwa mikononi mwake. Lakini tazama Burundi ilikotoka: Micombero alipindua mwaka 1966, Bagaza 1976, Buyoya 1987. Kinigi alipewa nchi inayovuja damu, akaishika mpaka bunge likakutana, katiba ikarekebishwa, Cyprien Ntaryamira akachaguliwa. Kisha akakabidhi. Hakutafuta kisingizio cha kuongeza hata mwezi, na visingizio vilikuwepo tele! Kwamba Ntaryamira naye aliuawa Aprili 6 kwenye ndege ile iliyotunguliwa Kigali, Rwanda, hakuifuti kazi hiyo. Kwangu mimi, kukabidhi kule kunazidi vyeo vyote alivyowahi kuwa navyo, hata kazi alizofanya baadaye Umoja wa Mataifa.

Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia tunamsifu kwa haki, maana alichaguliwa kwa kura, akaapishwa 2006. Kinigi alitangulia kwa zaidi ya miaka 12, bila kampeni, bila ulinzi wa kuaminika.

Walimu wa historia na uraia wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo, nawaomba mliingize jina hili kwenye midahalo ya wanafunzi muhula ujao. Baadhi ya mabinti mnaowafundisha wana mama na bibi waliovuka mwaka ule, na wana mengi ya kuwasimulia wakiulizwa.